Ruslan: ndege ya jeshi iliyobaki bila kiwanda

Tarehe 27 Februari 2022 ndege kubwa ya mizigo ilitua Toronto, Kanada, ikiwa imebeba vipimo vya Uviko kutoka China. Siku hiyohiyo Kanada ilifunga anga yake kwa ndege za Urusi kwa sababu ya uvamizi wa Ukraine, na ndege ile ilikuwa mali ya kampuni ya Kirusi iitwayo Volga-Dnepr. Mzigo ulishushwa, lakini ndege haikuruhusiwa kuondoka. Mwezi Juni 2023 serikali ya Kanada ikatangaza kuikamata, kwa nia ya kuikabidhi kwa Ukraine.

Ukisoma habari hiyo harakaharaka utaona ni kisa cha vikwazo vya kiuchumi tu. Mimi kinachonivuta ni ndege yenyewe. Ilikuwa na usajili wa Urusi, lakini aina hiyo ya ndege ilichorwa Kyiv, mji mkuu wa nchi ambayo Urusi ilikuwa ikiishambulia wiki ileile. Injini zake hutengenezwa Zaporizhzhia, mji wa Ukraine ambao leo uko karibu na mstari wa mapigano. Na kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya hapo, wateja wake wakubwa walikuwa majeshi ya NATO, yaani wale ambao ndege hii ilibuniwa ili isaidie kupambana nao.

Jina lake ni Antonov An-124, na Wasovieti waliipa jina la Ruslan, shujaa wa hadithi. Maswali yanayoulizwa juu yake hurudi palepale: ni ya nani, kwa nini hakuna anayetengeneza nyingine, na kwa nini dunia nzima inaihitaji kiasi hicho. Majibu yote yanaanzia kwenye jambo moja. Ruslan ilitengenezwa kama mali ya dola moja kubwa, na kila sehemu ya kazi ikapewa mji wake. Dola ilipovunjika, miji hiyo ikajikuta kwenye nchi tofauti, na hakuna hata nchi moja kati ya hizo yenye kila kinachohitajika.

Deni kwa Wamarekani

Miaka ya 1960 Wasovieti ndio waliokuwa mbele kwa ukubwa wa ndege za mizigo. Ofisi ya ubunifu ya Oleg Antonov, Kyiv, ilikuwa na An-22, iliyoruka mara ya kwanza Februari 1965 na kuonyeshwa Paris miezi michache baadaye. Ilikuwa ndege ya ajabu, yenye injini nne, na kila injini ikizungusha pangaboi mbili zinazokwenda kinyume. Ilibeba vifaru na makombora ambayo ndege nyingine za wakati huo zisingeweza hata kuyaingiza mlangoni.

Kisha Juni 1968 Lockheed, kampuni ya Kimarekani, wakarusha ndege ya mizigo ya jeshi, C-5 Galaxy, huko Marietta, Georgia. Iliizidi An-22 karibu kwa kila kipimo, lakini siri yake haikuwa ukubwa. Ilikuwa injini.

Hapa panahitaji maelezo kidogo, kwa sababu ndipo historia yote ya Ruslan ilipofungwa. Injini za jeti za mwanzo zilipitisha karibu hewa yote kwenye moto na kuitoa nyuma kwa kasi kubwa mno. Zilipiga kelele na zilikula mafuta kupita kiasi. General Electric, kwa ajili ya C-5, walitengeneza injini yenye feni kubwa mbele, ambapo sehemu kubwa ya hewa haiingii kwenye moto kabisa. Inapita pembeni na kutoka nyuma kwa kasi ya wastani. Kusukuma hewa nyingi kwa kasi ndogo kunatumia mafuta kidogo kuliko kusukuma hewa kidogo kwa kasi kubwa, na kwa ndege nzito inayosafiri mbali tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama safari inawezekana au haiwezekani. Ndege kubwa za abiria unazozijua leo zote zinaruka kwa kanuni hiyo.

Wasovieti hawakuwa na injini ya namna hiyo. Walikuwa na wachoraji wa mabawa na bodi wasiopitwa na mtu, lakini ndege ya kuishinda C-5 isingeruka bila injini mpya, na injini kubwa huchukua miaka mingi kuliko ndege. Ofisi ya Antonov ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikachora, kisha katikati ya muongo ikauweka mchoro kando na kuanza upya na mkubwa zaidi. Wakati huohuo kule Zaporizhzhia, ofisi iliyoongozwa na Vladimir Lotarev ilikuwa ikihangaika na injini iliyoitwa D-18T. Ilipokamilika ilitoa msukumo wa tani 23.4, jambo ambalo hakuna injini ya Kisovieti ya aina hiyo iliyokuwa imelifikia.

Ndege ya kwanza ilipaa Kyiv mwezi Desemba 1982. Antonov mwenyewe aliishi akaiona ikiruka, akafariki Aprili 1984. Ulimwengu wa nje uliiona kwa karibu Paris mwaka 1985, na Julai mwaka huohuo ikapandisha mzigo wa kilo 171,219 hadi urefu wa mita 10,750, ikiivunja rekodi ya C-5 kwa zaidi ya nusu. Mwezi Mei 1987 ikazunguka mipaka ya Muungano wa Kisovieti bila kutua wala kujazwa mafuta angani, kilomita 20,151 kwa saa 25 na nusu. Rekodi hizo zilikuwa na propaganda ndani yake, hilo halina ubishi, lakini namba zilikuwa za kweli na Wamarekani walizisoma kwa makini.

Ndege inayopakia bila msaada

Ukubwa peke yake hauelezi kwa nini watu wanaipenda. Ina urefu wa mita 69, mabawa ya mita 73 kutoka ncha hadi ncha, na toleo la mwanzo liliruhusiwa kuruka na uzito wa tani 392. C-5 ni ndefu kuliko Ruslan. Boeing 747 ya mizigo inabeba zaidi ya tani 100 na inakula mafuta kidogo. Kama una maua, samaki au simu za kusafirisha, 747 itakufaa zaidi na kwa bei nafuu.

Tofauti inaonekana pale mzigo unapokuwa kitu kimoja kisichogawanyika. Sakafu ya 747 iko juu sana kutoka ardhini, kwa hiyo bila mtambo maalumu wa kunyanyulia hupakii chochote kizito. Mlango wake wa mbele unabanwa kwa juu na chumba cha marubani, na kitu chenye kimo cha mita tatu na nusu hakipiti. Ruslan ina chumba cha mizigo chenye upana wa mita 6.4, kimo cha mita 4.4 na urefu wa zaidi ya mita 36, na hicho chumba kiko wazi mbele na nyuma. Lori linaweza kuingilia mkiani na kutokea puani.

Tazama inavyopakiwa. Pua nzima inanyanyuka juu, pamoja na rada yake, hadi inaangalia mbinguni juu ya vioo vya marubani. Kisha miguu miwili imara inashuka chini ya ndege na kushika ardhi, na magurudumu ya mbele yanakunjwa polepole, ndege ikiinama kama ngamia anayepiga magoti apakiwe. Rampu inafunguka kutoka mbele na sakafu yote inapata mteremko ambao kifaru kinaupanda chenyewe. Kama mzigo hauna magurudumu, kwenye dari ya chumba kuna reli zenye kreni zinazotembea toka mwanzo hadi mwisho, na winchi za kuvuta ziko sakafuni. Umeme wa kuendesha vyote hivyo unatoka kwenye mitambo midogo ya ndege yenyewe. Yaani ukiiteremsha kwenye uwanja usio na kreni, usio na umeme wa uhakika na usio na mtambo wa kupakulia, bado itafanya kazi yake.

Magurudumu ni 24, manne mbele na 20 chini ya tumbo, ili uzito usambae na njia ya kurukia isipasuke. Juu ya chumba cha mizigo, nyuma ya marubani, kuna vyumba vya watu. Marubani wa akiba, mafundi na wasimamizi wa upakiaji husafiri na ndege, hulala humo na kupika humo. Mara nyingi ni watu zaidi ya kumi, na mafundi hao hutengeneza ndege yao popote ilipo. Chumba cha mizigo chenyewe kina hewa ya mgandamizo mdogo kuliko kule juu, na sababu ni kwamba bodi pana kiasi kile, yenye milango mikubwa pande mbili, ingekuwa nzito mno kama ingejengwa kuhimili mgandamizo wa kawaida wa ndege ya abiria.

Yote hayo yalibuniwa kwa ajili ya vita. Jeshi lilitaka kushusha vifaru na mitambo ya makombora kwenye viwanja vilivyopigwa mabomu. Bila kukusudia, likapata chombo kinachofaa kabisa kwa tetemeko la ardhi, kwa mgodi ulio porini na kwa nchi ambayo uwanja wake wa ndege una kibanda na bendera tu.

Miji minne

Sasa tuifungue ile fundo. Michoro na majaribio vilikuwa Kyiv, na Kyiv pia ilikuwa na kiwanda kilichounganisha ndege za kwanza. Injini zilikuwa Zaporizhzhia. Mabawa, ambayo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, yalijengwa Tashkent, Uzbekistani. Na uzalishaji mkubwa ulipangiwa Ulyanovsk, kwenye mto Volga nchini Urusi, mahali palipojengwa kiwanda kikubwa kwa makusudi, na ndege ya kwanza ya Ulyanovsk ikaruka mwaka 1985.

Kutoka Tashkent hadi Kyiv ni safari ya maelfu ya kilomita, na bawa la Ruslan haliingii kwenye behewa la treni. Walichofanya ni kuchukua An-22, ile ndege ya mapangaboi, na kuibebesha vipande vya mabawa mgongoni, nje, kwenye upepo. Picha zake zipo na ukiziona utadhani zimechezewa. Kwa mtu wa biashara huo ni wazimu wa gharama. Kwa dola iliyopanga viwanda kutoka Moscow, ambayo haikulipa ushuru wa mpaka kati ya Tashkent na Kyiv kwa sababu hapakuwa na mpaka, ulikuwa mpango wa kawaida.

Desemba 1991 mipaka ikawepo. Ndege za jeshi zilizokuwa kwenye kambi za Urusi zikabaki za Urusi. Ndege za majaribio zilizokuwa Kyiv zikabaki na Antonov, kwenye nchi mpya ya Ukraine. Kiwanda cha Ulyanovsk kikabaki na bodi za ndege zisizo na mnunuzi. Hakuna mtu aliyekuwa na fedha za kununua ndege ya vita ya tani 392, na mafuta ya kuiendesha kwa saa moja tu yalikuwa kero kwa jeshi lililoshindwa kulipa mishahara.

Kilichoiokoa ni biashara. Tangu 1989 Antonov walikuwa wameanza kukodisha ndege zao kwa wateja wa nje wakishirikiana na kampuni ya Kiingereza, Air Foyle. Mwaka 1990 ikaundwa Volga-Dnepr huko Ulyanovsk, nayo ikapata mshirika wake Uingereza, HeavyLift. Desemba 1992 toleo la kiraia, An-124-100, likapata cheti chake. Ndege iliyokuwa siri ya jeshi miaka saba tu nyuma sasa ilikuwa kwenye matangazo ya biashara.

Na biashara ilikuwepo, kwa sababu rahisi. C-5 zote ni za jeshi la anga la Marekani na hazikodishwi. Ukiwa na jenereta ya tani 100 ya kituo cha umeme, unapiga simu kwa waendeshaji wa Ruslan au unasubiri meli. Mwaka 1994 Ruslan ilibeba injini ya treni, kitu kizima cha tani zaidi ya 100, kutoka London ya Kanada hadi Dublin, kwa shirika la reli la Ireland. Kampuni za anga za juu zikaikodi kubeba setilaiti na hatua za roketi. Mwaka 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani, EP-3, iligongana na ndege ya kivita ya China na kulazimika kutua kisiwa cha Hainan. China ilikataa iruke yenyewe kurudi. Ilikatwakatwa vipande, na aliyekwenda kuvichukua alikuwa Ruslan ya kampuni ya Kirusi. Wamarekani, wenye C-5 zao zaidi ya mia, walimkodi Mrusi akawachukulie ndege ya kuwapeleleza wengine.

Mnara wa Aksum

Kwetu Afrika kuna safari moja ambayo kila ninapoisoma naona ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi ndege hii ni ya kazi gani.

Mwaka 1937 majeshi ya Mussolini yaling'oa mnara wa mawe wa Aksum, kaskazini mwa Ethiopia, wenye kimo cha mita 24 hivi na uzito wa zaidi ya tani 150, wakaupeleka Roma kwa barabara na meli na kuusimamisha kama nyara ya vita. Mkataba wa amani wa 1947 uliitaka Italia irudishe ilichopora Ethiopia. Miaka ikapita, na mnara ukabaki mjini Roma, mbele ya jengo ambalo baadaye likawa makao makuu ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Mwaka 2002 ulipigwa na radi. Mwishowe, mwaka 2003, Waitalia wakaufungua vipande vitatu tayari kuurudisha.

Hapo ndipo tatizo lilipoanza. Mnara ulipoondoka mwaka 1937 ulipitia bandari ya Massawa. Sasa Massawa iko Eritrea, na Ethiopia na Eritrea walikuwa wametoka vitani mwaka 2000 huku mpaka ukiwa umefungwa. Barabara na madaraja ya njia nyingine hayakuweza kuhimili jiwe la makumi ya tani. Ikabaki anga. Na kwa jiwe lile, ndege zenye uwezo zilikuwa chache mno duniani.

Uwanja wa Aksum nao haukuwa tayari. Ilibidi njia yake ya kurukia iboreshwe kwanza. Isitoshe, Aksum iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi. Hewa nyepesi inamaanisha mabawa yanapata kishikio kidogo na injini zinapumua kidogo, kwa hiyo ndege inatua kwa kasi kubwa zaidi kwenye njia ileile. Ndege ya mamia ya tani, jiwe lisilo na bima inayoweza kurudisha thamani yake, milima pande zote. Marubani walifanya hivyo mara tatu mwezi Aprili 2005, kipande kimoja kila safari, na watu wa Aksum wakajitokeza kupokea. Mnara ulisimamishwa tena mahali pake na kuzinduliwa Septemba 2008.

Injini za Zaporizhzhia, mwili uliobuniwa kubeba makombora ya nyuklia, na ndani yake jiwe lililochongwa na Waafrika zaidi ya miaka 1,600 iliyopita likirudi nyumbani. Sijui kazi nyingine ya ndege ya jeshi iliyo na heshima kuliko hiyo.

Eneo letu liliwahi kuiona kwa sababu nyingine pia. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ulipopeleka kikosi kilichoongozwa na Ufaransa kwenda Bunia, Ituri, mashariki mwa Kongo, vifaa vizito vilikuja hadi Entebbe kwa An-124 za kukodi, kisha vikahamishiwa kwenye ndege ndogo zaidi kwa kuwa njia ya Bunia haikuweza kupokea ndege kubwa. Nchi tajiri za Ulaya, zenye viwanda vya Airbus, hazikuwa na ndege yao wenyewe ya kufanya kazi hiyo.

Aibu hiyo ilizaa mkataba. Mwaka 2006 kundi la nchi za NATO na marafiki zao lilianza mpango ulioitwa SALIS: Ruslan mbili zikae Leipzig, Ujerumani, tayari kwa wito, na nyingine zipatikane kwa notisi ya siku chache. Waliotoa ndege walikuwa Antonov wa Ukraine na Volga-Dnepr wa Urusi kwa pamoja, chini ya kampuni moja. Magari na risasi za majeshi ya Ulaya kwenda na kutoka Afghanistan yakapanda ndege za Kisovieti zenye marubani waliosomea jeshi la Kisovieti. Kwa miaka kadhaa mambo yalikwenda. Baada ya Urusi kuichukua Crimea mwaka 2014 ndoa ilianza kupasuka. Ushirikiano wa kibiashara ulivunjika mwaka 2016, na kufikia 2018 Volga-Dnepr walikuwa wametangaza kujitoa kwenye kazi za NATO. Antonov wakabaki.

Watu waliokufa

Historia hii si ya ushindi mtupu, na makala nyingi za kuisifu Ruslan huruka sehemu hii. Oktoba 1992 ndege moja ilianguka karibu na Kyiv ikiwa kwenye majaribio, baada ya mlango wa puani kuharibika ikiwa kwenye kasi kubwa. Watu 8 walikufa. Mwaka 1993 nyingine iligonga mlima karibu na Kerman, Iran, wakafa 17. Mwaka 1996 nyingine ilianguka ikijaribu kutua Turin, Italia, na miongoni mwa waliokufa walikuwa watu waliokuwa nyumbani kwao.

Mbaya kuliko zote ilikuwa Irkutsk, Siberia, tarehe 6 Desemba 1997. Ruslan ya jeshi ilipaa ikiwa na ndege mbili za kivita aina ya Su-27 zilizouzwa Vietnam. Muda mfupi tu baada ya kuacha ardhi injini tatu kati ya nne zilisimama. Ndege ikaanguka juu ya majengo ya wakazi wa mtaa ulio jirani na uwanja. Walikufa takriban watu 70, wengi wao hawakuwa ndani ya ndege.

D-18T ilikuwa ushindi wa watu waliokuwa nyuma kwa miaka kumi na kulazimika kufika haraka, na ilibeba alama za haraka hiyo. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na maisha mafupi na tabia ya hewa kukwama ndani ya kompresa, sehemu inayoigandamiza kabla ya moto. Yaliyofuata yaliboreshwa sana. Hata hivyo Novemba 2020 injini moja ya ndege ya Volga-Dnepr ilipasuka mara baada ya kuruka Novosibirsk, vyuma vikatoboa bodi na kukata nyaya. Wafanyakazi 14 waliirudisha ardhini bila mawasiliano, ikapitiliza mwisho wa njia na kuingia kwenye theluji. Hakuna aliyeumia. Marubani wale walifanya kazi kubwa sana.

Kwa nini hazitengenezwi nyingine

Jumla zilitengenezwa takriban 55, na ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 2004. Tangu hapo kila baada ya muda mfupi mwanasiasa wa Moscow au Kyiv alitangaza kwamba uzalishaji utaanza tena. Haukuanza.

Urusi ina kiwanda cha kuunganishia na ina mahitaji ya jeshi, lakini haina injini. Inaendelea kuunda injini kubwa mpya huko Perm, PD-35, na injini ya ukubwa huo haimaliziki kwa amri. Tena haina haki ya kisheria juu ya muundo. Mwenye michoro ni Antonov, na bila mbunifu ndege ya kiraia haiwezi kuthibitishwa kuwa salama mbele ya mamlaka za nje. Ukraine ina michoro na ujuzi wa injini, lakini kiwanda chake cha Kyiv kiliunganisha ndege chache kuliko Ulyanovsk, na tangu 2022 kiwanda cha injini cha Motor Sich kimekuwa kikishambuliwa kwa makombora. Uwanja wa Antonov wa Hostomel, karibu na Kyiv, ndipo ilipoharibiwa, siku za kwanza za vita, An-225 Mriya, ndugu mkubwa wa Ruslan aliyejengwa kwa mabawa na injini zilezile na kuongezewa injini mbili.

Lakini tusiseme ni ugonjwa wa Kisovieti tu. Marekani ilitengeneza C-5 ya mwisho mwaka 1989 na Boeing ikafunga uzalishaji wa C-17 mwaka 2015. Ndege kubwa za namna hii hulipiwa na serikali zilizo kwenye hofu ya vita. Soko la kiraia linazihitaji sana, ila linahitaji makumi tu, na makumi hayatoshi kulipia kiwanda. Ndiyo maana hata kama kesho kungekuwa na amani, ningeshangaa kuona Ruslan mpya.

Zilizobaki zinahesabika. Jeshi la Urusi lina zake. Volga-Dnepr ilikuwa na 12. Zile tatu zilizokuwa Leipzig vita vilipoanza zilizuiwa hapohapo, kwenye uwanja uleule ambao Antonov wamehamishia shughuli zao. Maximus ya Abu Dhabi ina moja. Libya ilikuwa na mbili, na moja iliteketea kwa mabomu uwanja wa Mitiga, Tripoli, mwaka 2019. Antonov wanaendesha tano hivi, na Julai 2025 walifanikiwa kuirusha kwenda Leipzig moja iliyokuwa imekwama Kyiv tangu uvamizi uanze, baada ya mafundi kuikamilisha chini ya hatari ya mashambulizi ya anga.

Kwa wenye mizigo upungufu umeshafika. Oktoba 2022 Airbus walikuwa na setilaiti ya kupeleka Florida na hawakupata Ruslan. Wakatumia Beluga, ndege yao ya kubebea sehemu za ndege nyingine, ambayo haikuundwa kwa safari za kuvuka Atlantiki na ilibidi itue njiani mara kadhaa. Setilaiti ina tani chache, kwa hiyo iliwezekana. Transfoma ya tani 100 haiingii Beluga. Inapanda meli, inakaa baharini wiki kadhaa, kisha inashushwa bandarini na kusubiri barabara yenye madaraja yanayoweza kuibeba.